Tunawapeleka uhandisi wa umeme bila kungwi

Mpwa wangu ameshuka kutoka Newala wiki mbili zilizopita. Ana matokeo yake ya kidato cha sita, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na ana swali moja alilolibeba tangu akiwa darasa la tano: kwa nini taa za nyumbani kwao zilikuwa zikififia ikifika saa mbili usiku, kisha zikarudi kung'aa watu wakishalala? Anasema hiyo ndiyo sababu anataka kusomea uhandisi wa umeme. Nimesikia vijana wengi wakieleza sababu zao za kuchagua fani, na sijasikia iliyo bora kuliko hii.

Amekuja kwangu kwa kuwa mimi ni mjomba wake. Sisi Wamakonde tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtoto wa dada akifikwa na jambo kubwa mjomba hawezi kukaa pembeni. Amekuja pia kwa sababu katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyepita kwenye fani hiyo. Tumekaa barazani hapa Chikongola, mjini Mtwara, jioni tatu mfululizo, karatasi katikati yetu, tukipanga miaka minne ambayo bado hajaianza. Tangu jioni ya kwanza nimekuwa nikimfikiria kijana wa Nanyumbu au wa Liwale mwenye alama zilezile, asiye na mtu wa kukaa naye barazani.

Huku Kusini mwari haingizwi jandoni wala unyagoni peke yake. Anapewa kungwi. Kungwi anajua kipi kinakuja kesho na kwa nini cha leo kimetangulia, na mwari akitetereka anaonekana mapema kwa kuwa kungwi yuko karibu. Kiswahili chenyewe kimelihifadhi jambo hili ndani ya neno moja: somo ni fundisho, na somo ni mtu vilevile, yule anayemfunda mwari na kubaki msiri wake. Vyuo vyetu vimeichukua maana ya kwanza na kuiacha ya pili. Mwanafunzi wa uhandisi anapewa masomo kwa makumi, lakini hapewi somo.

Kwenye makaratasi mshauri wa masomo yupo. Kila mwanafunzi hupangiwa mhadhiri wa kumshauri, na jina lake hubandikwa kwenye ubao wa idara. Wangu nilimwona mara mbili katika miaka minne, na mara zote mbili nilikwenda kutafuta saini. Alikuwa mwalimu mzuri, tena mpole, mwenye foleni ya wanafunzi mlangoni na rundo la mitihani ya kusahihisha mezani. Mara ya pili nilimpelekea fomu ya masomo ya hiari ya mwaka wa nne. Nilikuwa nimechagua ya mawasiliano yote, kwa kuwa mwaka ule kila aliyekaa kwenye vimbweta alisema kazi ziko kwenye kampuni za simu. Hakuniuliza kwa nini. Alitia saini, nikaondoka. Kazi niliyokuja kuipata ilikuwa ya jenereta na njia za kusambaza umeme, na nilitumia usiku wa miaka miwili kujisomea peke yangu mambo ya ulinzi wa mifumo ya umeme, ambayo ningeyasoma darasani kwa semista moja, nikiwa na mwalimu wa kuniambia nilipokosea.

Simlaumu yeye. Nalaumu mazoea ya kudhani kwamba ushauri wa masomo ni kazi ya ofisi. Kwa uhandisi wa umeme hasa, ushauri ni sehemu ya kufundisha, kwa sababu fani hii imejengwa kwa namna ambayo anayeingia bila kuonyeshwa ramani hawezi kuiona kwa macho yake.

Turudi kwenye sakiti tulizofundishwa sekondari. Taa zikiungwa kwa mfuatano, moja ikiungua zote zinazima. Zikiungwa sambamba, moja ikiungua nyingine zinaendelea kuwaka. Masomo ya chuo yako hivyohivyo, na kosa kubwa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kudhani yote yameungwa sambamba. Anaona orodha ya masomo saba ya semista, kila moja na msimbo wake na mwalimu wake, anaamini kila moja linasimama lenyewe. Kuna yaliyo hivyo kweli: stadi za mawasiliano, maendeleo ya jamii, ujasiriamali. Ukiteleza hapo utasapu, utarudia, maisha yataendelea. Lakini kalkulasi ya mwaka wa kwanza imeungwa kwa mfuatano na milinganyo tofautishi, ambayo imeungwa na ishara na mifumo, ambayo imeungwa na mifumo ya udhibiti na mawasiliano ya mwaka wa tatu. Namba changamano zinazoonekana kama mchezo wa wanahisabati ndiyo lugha nzima ya umeme wa mkondo geu. Bila hizo huwezi kuisoma transfoma, huwezi kuisoma mota, na njia ya umeme itabaki waya tu machoni pako.

Kwa hiyo kuna wanafunzi wawili waliofeli somo moja kila mmoja, wakabeba krediti sawa kwenda mwaka wa pili, na hali zao hazifanani kabisa. Aliyebeba somo la pembeni ana deni dogo. Aliyebeba hisabati au sakiti anaingia kwenye madarasa ya mwaka wa pili akisikiliza lugha ambayo hajafundishwa, na mwezi wa kwanza haujaisha ameshahamia kwenye madesa, anakariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita. Nimewaona vijana wa aina hii wakifaulu mpaka mwisho kwa kukariri. Wanapata cheti, wanafika kazini, jenereta inagoma na hawajui waanzie wapi.

Vyuo vingi vya Marekani humpa mwanafunzi wa umeme chati ya ukurasa mmoja yenye mishale, kila somo likionyesha lililotangulia na lile linalolifungulia mlango, na kwa vingi mfumo wa usajili haumfungulii semista mpya mpaka awe amekaa na mshauri. Mitaala yetu ni finyu zaidi, mwanafunzi hachagui mengi, ndiyo sababu watu husema chati ya namna hiyo haituhusu. Mimi naona inatuhusu zaidi. Ambaye hana njia nyingi za kupita anahitaji zaidi kujua ni daraja lipi likivunjika atakwama.

Jioni ya pili nilimchorea mpwa wangu chati ya namna hiyo, ila sikuanzia mwaka wa kwanza. Nilianzia kwenye swali lake. Taa za Newala zinafifia kwa nini? Jibu la kwanza liko kwenye sakiti za mwaka wa kwanza: waya una ukinzani, mkondo ukiongezeka volti inapotea njiani kabla haijafika kwenye taa. Saa mbili usiku kila nyumba imewasha taa, televisheni na jokofu, mkondo uko juu. Watu wakilala unashuka, taa inapata volti yake. Jibu la pili liko kwenye mashine za umeme, mwaka wa pili, penye transfoma: kwa nini tunapandisha volti kabla ya kusafirisha umeme. Nguvu ileile ukiisafirisha kwa kilovolti 132 badala ya 33, volti imekuwa mara nne, mkondo umebaki robo, na joto linalopotea kwenye waya uleule ni moja ya kumi na sita tu. Hapo mtoto aliweka kalamu chini. Newala iko mbali na vituo vya kufua umeme vya pwani, na njia ndefu ya kilovolti 33 yenye wateja wengi mwishoni haiwezi kuikwepa hesabu hiyo. Jibu la tatu liko mwaka wa tatu, kwenye mifumo ya nguvu: kwa miaka mingi mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, ilikaa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo yake yenyewe, na mfumo mdogo uliojitenga hauna wa kumwegemea, mtambo mmoja ukizimwa wote wanaona. Jibu la nne liko mwaka wa nne, ukichagua vizuri: kapasita za kuinua volti, transfoma zinazojirekebisha zenyewe, mitambo ya jua iliyowekwa karibu na wateja.

Swali moja la mtoto wa darasa la tano limeenea kwenye miaka minne yote. Ndiyo maana nasema mshauri anayeanza kwa kumuuliza mwanafunzi "unataka kuwa nani?" ameanza vibaya. Kijana wa miaka 19 hajui, na haimpasi kujua. Amuulize anataka kuelewa nini, kisha arudi nyuma naye kutoka mwaka wa nne hadi wa kwanza, mpaka kalkulasi ya Jumatatu asubuhi ipate sababu ya kuamkiwa.

Sasa hesabu za saa, ambazo hakuna aliyewahi kunifanyia. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mihadhara na maabara na kujisomea vikiwamo. Mwaka mmoja ni krediti 120, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za semista mbili, unapata saa 40 kila wiki, sawa na mfanyakazi wa ofisini. Somo la krediti 12 ulilobeba kutoka mwaka uliopita ni saa 120 nyingine, na kwa semista ya wiki 15 hizo ni saa 8 za ziada kila wiki. Anayebeba mawili ya namna hiyo ameongeza saa 16. Muda huo hautoki hewani. Unatoka kwenye usingizi au kwenye masomo mapya, na kwa kawaida unatoka kwenye masomo mapya. Hivyo ndivyo deni la mwaka wa kwanza linavyozaa deni la mwaka wa pili kwa mtu ambaye si mvivu hata kidogo.

GPA, yaani wastani wa alama zote, nayo ina hesabu zake. Vyuo vyetu vingi vinapima kwa kilele cha 5.0: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7. Tuseme mwanafunzi ameyumba mwaka wa kwanza akapata 2.6, halafu akazinduka. Krediti zikiwa sawa kila mwaka, ili amalize na 3.5 anahitaji wastani wa 3.8 kwa miaka mitatu yote iliyobaki. Akipata 3.7 kila mwaka, ambayo ni kazi nzuri ya kumpongeza, anamaliza na 3.4 na kitu, daraja la pili la chini. Tofauti ya ufadhili wa shahada ya pili imekwama kwenye miezi tisa ya kwanza, ile ambayo kila mtu alimwambia "usijali, mwaka wa kwanza ni wa kuzoea." Mwenye kungwi asingeambiwa neno hilo.

Na kuna fedha, ambazo kwetu zina msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, vyuo hufungua karibu na siku hizo, na mzazi wa Tandahimba hupiga hesabu ya ada kwa kilo alizopeleka kwenye chama cha msingi, akisubiri mnada uamue bei. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huendelea kwa mwanafunzi aliyefaulu kupanda mwaka. Anayerudia mwaka hurudi mikononi mwa familia, na familia hurudi kwenye mikorosho ileile iliyokwisha kugawanywa kwa wadogo zake. Mtoto wa mhandisi wa Dar es Salaam asipopata mshauri chuoni anampata nyumbani wakati wa chakula. Wa kwetu asipompata chuoni, hana pa kwenda. Ushauri mbovu unaumiza wote, lakini hauwaumizi sawa.

Masomo ya hiari ndipo watu hudhani ushauri unaanzia, na ndipo nilipoumia mimi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Sisi wa Mtwara na Lindi tuna kishawishi chetu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na ikaanza kuzalisha umeme 2004. Ile ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika 2015. Hesabu: miaka 30 kwa ya kwanza, miaka 33 kwa ya pili kabla ya bomba hilo. Katikati yake tulipita mwaka 2013, mji huu ukiwaka moto wa hasira juu ya gesi hiyohiyo. Wakati ule kila mzazi mwenye mtoto wa sayansi alitaka asome chochote chenye neno gesi au mafuta. Baadaye yakaja mazungumzo ya kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika kule Likong'o, Lindi, na vijana wakapanga maisha kwa kufuata taarifa ya habari. Shahada ni ya miaka minne. Mradi mkubwa wa gesi unahesabiwa kwa miongo. Anayechagua masomo ya mwaka wa nne kwa kutazama mradi uliotangazwa mwaka huu anaoanisha vitu viwili visivyokwenda kwa saa moja. Sisemi miradi hiyo haitakuja, naiombea ije. Nasema mwanafunzi achague elimu itakayomlisha ikija na isipokuja.

Kwa maoni yangu elimu hiyo ina majina. La kwanza ni mifumo ya udhibiti. Tazama kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba, kiwanda cha saruji hapa Mtwara, mashine za kubangua korosho, pampu zinazopandisha maji uwanda wa juu wa Makonde: vyote vina kitu kinachopimwa, kikalinganishwa na kinachotakiwa, kikasahihishwa. Anayeelewa jambo hilo kwa hisabati zake anaweza kuhama kutoka gesi kwenda saruji kwenda maji bila kuanza upya. La pili ni elektroniki za nguvu, zile zinazogeuza umeme wa jua kuwa wa kutumika nyumbani na kuzipa mota kubwa mwendo unaotakiwa. La tatu ni ulinzi wa mifumo: relei, breka, kutuliza umeme ardhini. Penye njia ndefu, upepo wa bahari wenye chumvi na matawi ya mikorosho juu ya waya, mtu wa ulinzi hakosi kazi. Mawasiliano ni fani njema pia, na anayeipenda aifuate kwa moyo wote. Aifuate kwa kuipenda lakini, maana mimi niliifuata kwa kuusikiliza uvumi wa vimbweta.

Ushauri pia unaweza kuwa mbaya. Tulikuwa na mwenzetu wa kike, wa pili darasani kwa mashine za umeme, aliyeambiwa na mtu wa kumshauri kwamba umeme wa nguvu ni wa kupanda nguzo na kulala vituoni, achukue kitu chepesi. Alimtii. Mpaka leo nikikumbuka uwezo wake nasikitika. Mshauri anaeleza mlango unafunguka wapi na kwa gharama gani. Kumchagulia mtu mlango kwa kutazama jinsia yake ni kuvuka mpaka, na nimemwambia mpwa wangu mapema: ukiambiwa hivyo, shukuru kwa adabu, kisha endelea na ulichopanga.

Jambo lingine ambalo washauri hulisahau ni kwamba darasa la mwaka wa kwanza lina watu wa milango miwili. Kuna aliyetoka PCM, anayejua kutafuta eneo chini ya mkunjo lakini hajawahi kushika kipimo cha umeme. Na kuna aliyekuja kwa stashahada, pengine alianzia VETA, ambaye anafunga mota ya awamu tatu macho yakiwa kwingine, ila hisabati aliiacha miaka mitano iliyopita. Kuwapa wote ushauri mmoja ni kuwadhulumu wote. Wa kwanza aambiwe aende karakana kila nafasi ikipatikana. Wa pili aambiwe kwamba wiki sita za kwanza atumie kila jioni kwenye kalkulasi hata kama maabara zinamtamanisha, maana maabara anaziweza na hilo ndilo litakalomdanganya. Na wakae meza moja, kwa kuwa kila mmoja ana anachokikosa mwenzake.

Mafunzo kwa vitendo, fildi kama wanavyoyaita, yanahitaji mpango wake pia. Wengi huyachukulia kama kutafuta mhuri kwenye kitabu cha kumbukumbu, na wa kwetu hubaki Dar es Salaam wakilipa kodi ya chumba kwa kuwa hawajaambiwa kwamba Mtwara kuna kituo cha kufua umeme kwa gesi, Mahumbika kuna kituo cha kupoza umeme, Madimba kuna kiwanda cha kuchakata gesi. Wangeweza kulala kwa shangazi. Ningependa kila awamu iwe na lengo tofauti: ya kwanza mikono ishike waya na bisibisi, ya pili mtu akae kwenye mtambo unaofanya kazi, ya tatu aulize maswali ambayo yatakuwa mradi wake wa mwaka wa nne. Barua za kuomba ziandikwe mapema, Januari, si wiki ya mitihani.

Haya nimeyaeleza mbele ya watu wawili watatu wanaofundisha vyuoni, na jibu lao ni la haki: wahadhiri ni wachache, wanafunzi ni wengi, na mtu mwenye mamia ya karatasi za kusahihisha hana dakika za kukaa barazani. Nakubali. Ndiyo maana siombi ofisi mpya yenye samani. Chati ya mishale ni karatasi moja, inachorwa mara moja na idara na kubadilishwa mtaala ukibadilika. Ipelekwe pamoja na barua ya kujiunga, ile inayotaja akaunti ya benki na fomu ya daktari lakini haitaji mshauri. Mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyepita salama anaweza kufundwa kwa siku mbili akapewa wadogo zake kumi. Mhadhiri abakiwe na mikutano miwili tu ambayo hakuna mwingine anayeiweza: mmoja matokeo ya semista ya kwanza yakitoka, hapo mwenye nyufa aonekane kabla ukuta haujalala, na mwingine kabla ya kuchagua masomo ya hiari.

Wengine husema mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, ajitafutie. Huku kwetu utu uzima ndio unaoletwa na kungwi. Hatukuwahi kumwambia mwari ajifunde mwenyewe kwa kuwa amekua.

Na sisi tuliokwisha kupita tuna sehemu yetu. Kati ya matokeo ya kidato cha sita, Julai, na vyuo kufunguliwa kuna miezi kadhaa. Wengine wako kambini JKT kwa mujibu wa sheria, wengine wako nyumbani wakisubiri. Wahandisi wa umeme hatukosekani Mtwara, Masasi, Lindi na Kilwa. Jumamosi mbili kwenye ukumbi wa shule zingetosha kuwaambia mambo ambayo hayaandikwi kwenye matangazo. Kwamba kabla ya kuomba wahakikishe programu inatambuliwa na TCU na pia na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa sababu shahada peke yake haikupi ruhusa ya kufanya kazi kama mhandisi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997. Kwamba baada ya shahada kuna mafunzo ya miaka mitatu chini ya wahandisi waliosajiliwa, mpango ambao bodi hiyo imeuendesha tangu 2003, hivyo kazi ya kwanza ichaguliwe kwa kuangalia nani atakufundisha kabla ya kuangalia mshahara. Kwamba kufunga umeme majumbani kwa malipo kunataka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na digrii haiko juu ya leseni hiyo. Mambo haya niliyajua nikiwa tayari nimemaliza, moja moja, kila moja kwa kugonga ukuta.

Jana jioni tumemaliza karatasi. Imejaa mishale mpaka pembeni, kalkulasi imezungushiwa duara mara tatu, na kwenye kona ya mwaka wa nne ameandika kwa herufi ndogo "taa za Newala". Mama yake amepiga simu kuuliza kama mtoto amepata alichofuata, nikamwambia dada, amepata na mimi nimepata. Kisha binti akaniuliza, "Mjomba, nikifika huko huyo mshauri nitamkuta wapi?" Nikamweleza: jina litakuwa kwenye ubao wa idara, katikati ya ratiba na matangazo ya vitu vilivyopotea, na atahitaji kugonga mlango zaidi ya mara moja. Akafungua ukurasa wa nyuma, penye orodha ya mambo ya wiki ya kwanza aliyoandika na mama yake, godoro, ndoo, kadi ya bima, picha nane za pasipoti. Juu ya yote hayo palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Akaandika hapo: kumtafuta mshauri, Jumatatu asubuhi, kwenda na karatasi hii.